Draya haiwaki: anza kwenye mita kabla ya kufika kwenye mota

Simu za draya huanza Novemba. Msimu wa korosho umeshika, gesti za Shangani ya Mtwara na Lindi Mjini zimejaa wanunuzi na madereva wa malori, mashuka yanafuliwa kila siku, na mvua imeanza kujaribu kunyesha. Mwenye gesti anaikumbuka mashine ya kukaushia nguo aliyoifunika khanga tangu mwezi wa sita. Anaiwasha, kimya. "Fundi, mashine imekufa."

Mara nyingi haijafa. Draya haina mambo mengi: mota, mkanda, pipa linalozunguka, hita, feni, na swichi kadhaa za usalama zilizofungwa kwa mfuatano, moja ikikatika na nyingine zote hazina kazi. Kinachoizima huku kwetu kwa kawaida kiko nje yake, kati ya mita ya LUKU na plagi. Kwa hiyo tutatoka nje kwenda ndani, na bisibisi itasubiri.

Kwanza ujue mzigo wenyewe. Draya ya kuchomeka ukutani hula wati 2,000 hadi 2,700. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama ampea 9 hadi 12, na soketi yetu ya matundu matatu mwisho wake ni ampea 13. Birika la umeme nalo hula karibu hivyo, ila kwa dakika chache tu. Draya inakula hivyo saa nzima au zaidi. Kiungo chochote kilicholegea kwenye njia hiyo kitapata moto.

Imekufa kabisa: hakuna taa, hakuna sauti

Usicheke: angalia yuniti. Gesti nyingi zina mita zaidi ya moja, na chumba cha kufulia kule uani kinaweza kuwa kwenye mita yake ambayo hakuna aliyekumbuka kuinunulia umeme. Kisha angalia swichi ya soketi. Kisha breka kwenye boksi la umeme.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kipimo. Wanachomoa draya, wanachomeka chaja ya simu, chaja inawaka, wanasema umeme upo. Chaja ya simu haifai kupimia. Inakula kidogo sana, na nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo itawaka hata kwenye soketi iliyooza na umeme uliochoka. Chomeka pasi au birika. Pasi ikipata moto wa kawaida kwa dakika tano bila soketi kunguruma wala kupata joto, soketi iko sawa, nenda kwenye plagi. Pasi ikisuasua, tatizo liko ukutani na draya haihusiki.

Breka kama imeshuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, iache chini na usome sehemu ya breka huko mbele.

Plagi: ichomoe, uifungue. Ndani kuna fyuzi ya ampea 13. Ipime kwa mita ya mkononi ya fundi (multimita, si ile ya LUKU), au weka nyingine unayojua ni nzima. Ukikuta mtu amezungushia karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi, ujue plagi hiyo haina ulinzi wowote. Weka fyuzi halisi. Ikiungua tena siku hiyo hiyo, acha kununua fyuzi, kuna shoti mahali.

Wakati plagi iko wazi, tazama shaba. Nyumba zilizo karibu na maji, kuanzia Mikindani hadi Shangani na ufukwe wa Lindi, hewa yake imebeba chumvi, na shaba iliyo wazi inaota kutu ya kijani. Kutu hiyo haipitishi umeme vizuri. Skrubu ikiwa imelegea kidogo na shaba ina kijani, hapo panachemka kila mashine inapowaka, mpaka plastiki inageuka rangi ya kahawia. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, menya upya, kaza skrubu hasa. Soketi za plastiki zikiungua taratibu hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Katika miji yetu harufu ya samaki haimshtui mtu, ila ukiisikia kwenye chumba cha kufulia ambacho hakijawahi kuingia samaki, zima breka ya chumba hicho.

Na wadudu. Sisimizi hupenda kujenga ndani ya soketi na swichi, mijusi nao hukaukia mle. Mdudu mmoja katikati ya vigusio vya swichi anatosha kuizuia isifunge.

Waya wa ekstensheni ni adui mwingine. Nyingi zinazouzwa madukani zina nyaya nyembamba za kuchajia simu na kuwashia redio. Soketi za ukutani hufungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ekstensheni ya bei ndogo haifiki nusu ya hapo. Ikiwa imeviringishwa kwenye kibiringo ni mbaya zaidi, joto halina pa kutokea, nyaya zinayeyukiana. Draya ichomekwe ukutani moja kwa moja. Kama waya wa mashine haufiki, sogeza mashine.

Kama umechomeka kupitia gadi ya friji, itazame yenyewe kwanza. Gadi hukata umeme ukishuka sana, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, na muda wote huo draya inaonekana imekufa. Angalia pia ampea zilizoandikwa juu yake. Zipo za ampea 5, ambazo ni za friji na televisheni tu.

Iliwahi kuzimika wakati umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo? Ichomoe dakika kumi, irudishe. Ubao wa elektroniki wakati mwingine huganda na huamka ukinyimwa umeme kabisa. Isipoamka, na plagi ni nzima, ubao umepigwa. Hapo mpe fundi wa elektroniki, maana mara nyingine kilichoungua ni fyuzi na kinga ndogo ya mlangoni mwa ubao, si ubao wote.

Simama hapa: soketi imeyeyuka, breka yenyewe ina joto ukiigusa, au mita ya LUKU haioneshi kitu. Soketi na breka ni za fundi umeme mwenye leseni. Mita ni ya TANESCO; usiguse lakiri yake, hata kama jirani anajua kuifungua.

Taa zinawaka lakini ukibonyeza haianzi

Mlango, mlango, mlango. Ufungue, bonyeza kidude cha swichi kwa kidole, sikiliza. Unatakiwa usikie "ta". Usiposikia, au mlango ukiwa unafungwa huku umelegea, umepata jibu. Mara nyingine ni vumbi la pamba tu limejaa kwenye kitasa. Mashine iliyokaa miezi mitano bila kazi huwa na vigusio vilivyoota ukungu wa chumvi. Ichomoe, bonyeza swichi hiyo mara nyingi mfululizo vigusio vijisugue, ujaribu tena. Ikikubali leo, nunua swichi mpya kabla haijakataa kesho. Ni kifaa cha bei ndogo.

Kisha zile swichi ambazo mtu anazibonyeza bila kujua. Kufuli ya mtoto huwa na alama ya funguo au kufuli. Shikilia kitufe chake sekunde tatu hadi tano. Kuchelewesha kuanza: kwenye kioo inaonekana saa zinahesabu kurudi nyuma. Mashine za kizamani za taima ya kuzungusha zinataka uvuke ile alama ya mwisho wa kazi na ushikilie kitufe cha kuanzia kidogo, si kukigusa na kuondoka.

Zile zinazokusanya maji kwenye tenki, tenki likijaa hazifanyi kazi. Mwaga, rudisha tenki mpaka ligonge mwisho. Chujio la vumbi nalo likae mahali pake.

Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo tunafungua. Chomoa plagi kabisa, usitegemee swichi ya ukutani. Weka multimita kwenye kipimo cha omu, yaani ukinzani wa umeme. Swichi ya mlango ikiwa imebonyezwa isome karibu na sifuri. Fyuzi ya joto vivyo hivyo. Hiki ni kidude kidogo, kwa kawaida kimefungwa nyuma karibu na hita au kwenye njia ya hewa ya moto, na kikikatika hakirudi. Kwenye mashine nyingi za Marekani kikikatika mashine nzima haianzi. Nyingi za Ulaya zina thamostati, swichi inayokata joto likizidi, yenye kitufe kidogo cha kubonyeza nyuma, nayo ikikata, pipa linazunguka bila joto.

Sasa sikiliza vizuri. Kuna fundi atakayekwambia, "Mama, hii tunaunga moja kwa moja, itapiga kazi tu." Kweli itapiga kazi. Fyuzi ya joto ilikatika kwa sababu mle ndani palipata moto kuliko inavyotakiwa, na ndani ya draya kumejaa vumbi la pamba, kitu kinachoshika moto haraka kuliko karatasi. Mkatalie. Ukibadili fyuzi bila kutafuta kilichoikata, mpya nayo itakatika.

Kilichoikata kwa kawaida ni hewa kukosa njia. Chujio halijasafishwa, bomba la kutolea hewa limekunjwa nyuma ya mashine, au tundu la nje limezibwa. Hili la mwisho huku kwetu lina sababu yake: mtu anaweka wavu wa mbu kwenye tundu la kutolea hewa ili wadudu wasiingie. Siku chache tu wavu umekuwa blanketi. Uondoe. Weka kile kifuniko cha mabawa kinachofunguka hewa ikisukuma na kujifunga mashine ikizimwa. Kagua pia viota vya nyigu, hasa kwa mashine iliyolala kiangazi chote.

Inavuma lakini pipa halizunguki

Zima papo hapo. Mota inayovuma bila kuzunguka inakula umeme mwingi kuliko inapofanya kazi, na nyaya zake zinaungua kwa muda mfupi. Usiiache "labda itaanza".

Chomoa, fungua mlango, zungusha pipa kwa mkono.

Likizunguka kilaini kupita kawaida, kama halijashikwa na kitu, mkanda umekatika. Mkanda wa mpira uliokaa miezi mingi kwenye joto bila kuzunguka hukakamaa na kupasuka. Baadhi ya mashine zina swichi inayohisi mkanda, na hizo hazitavuma, zitakaa kimya kabisa. Kubadilisha mkanda ni kazi ya mtu mwenye subira, kwa kuwa mashine lazima ifunguliwe karibu yote. Piga picha kila hatua.

Likigoma kuzunguka, kuna kitu kimekwama: sarafu, waya wa sidiria, kifungo, au bearingi imeshika kutu.

Likizunguka kwa uzito wa kawaida, mshukiwa wa kwanza ni umeme mdogo na wa pili ni kapasita, kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanzia.

Umeme mdogo tuuzungumze kwa kirefu kidogo, maana ndio unaowafanya watu wabadilishe mota nzima. Nguvu ya mota ya kuanzia kuzunguka haishuki sawasawa na volti. Inashuka kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya kuanzia inabaki kama asilimia 60 tu. Taa nyumbani zinawaka, feni inazunguka polepole, televisheni haina habari, lakini pipa lenye mashuka sita mabichi haling'oki. Pima volti kwenye soketi wakati mashine inajaribu kuanza, si kabla, kwa sababu soketi inaweza kuonesha 220 ikiwa haina mzigo na kuanguka ukiipa kazi. Kipimo cha asiye na mita: ijaribu alfajiri. Ikianza bila shida saa kumi na moja asubuhi na kugoma saa mbili usiku, umeme wa mtaa ndio tatizo. Peleka taarifa TANESCO, na mkiwa majirani kadhaa mnaolalamika inasikika zaidi. Wakati unasubiri, kausha usiku wa manane au alfajiri, na punguza mzigo uwe nusu. Stabilaiza inasaidia ikiwa ni kubwa, ya kVA 5 hivi. Ile ya televisheni itaungua.

Volti zikiwa nzuri na bado inavuma, ni kapasita. Ni kopo dogo jeupe au la fedha karibu na mota. Likivimba au kuvuja limekufa, ingawa linaweza kufa likiwa zuri kwa macho. Mpya iwe na maikrofaradi zile zile zilizoandikwa na volti zisizopungua za zamani. Onyo: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama hujui kuitoa umeme wake kwa usalama, usiiguse. Kuna msaada mdogo hapa: fundi yeyote wa mafriji na viyoyozi anaijua kapasita vizuri, na hao Mtwara na Lindi hawakosi.

Mota ikinuka varnishi iliyoungua, biashara imeisha. Uliza bei ya mota kabla ya kuinunua. Mara nyingi haistahili.

Ya mtumba, haijawahi kuwaka tangu ifike

Geuza mashine, soma kibati cha nyuma kabla ya kumlaumu aliyeisafirisha.

Ikiandikwa 220–240 na 50 Hz, ni ya kwetu. Rudi juu uanze na pasi.

Ikiandikwa 100, ni ya Japani. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja umeipa volti zaidi ya mara mbili, na hakuna cha kutengeneza tena isipokuwa kama fyuzi iliwahi kukatika. Inahitaji transfoma kubwa ya kushushia volti.

Ya Marekani ndiyo yenye mtego. Kibati kinasema 120/240, mtu anaona 240 anafurahi. Nyumba ya Marekani hupelekewa nyaya mbili zenye umeme na nyutro katikati: kati ya nyaya mbili ni volti 240, kati ya waya mmoja na nyutro ni 120. Draya yao ya umeme hita yake hutumia 240 na mota yake 120. Sisi tuna fezi moja ya 230 na nyutro. Fundi akiunga fezi na nyutro kwenye zile nyaya mbili na kuiacha nyutro ya mashine, hita imeshiba lakini mota haina njia yake, ukibonyeza, kimya. Akiiunga na nyutro nayo, mota inaweza kupokea volti 230 badala ya 120 na inaungua. Zaidi ya hapo, nyingi za aina hii hula wati 5,000 au zaidi, soketi ya ampea 13 haiziwezi hata kidogo, na mota ya 60 Hz kwenye umeme wetu wa 50 Hz inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Inawezekana kuibadili kwa transfoma ya mota na laini yake maalumu kutoka kwenye boksi. Ushauri wangu ni usiinunue.

Zipo pia za gesi. Kwa kuwa gesi asilia inachimbwa hapa hapa Mtwara na Lindi, mtu anaweza kudhani yoyote itafaa. Gesi ya bombani na gesi ya mtungi hazitumii tundu la ukubwa mmoja kwenye kichomeo. Usijaribu kuiunga mwenyewe. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi au koki, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, toka.

Inaanza, inakata, haianzi tena mpaka ipoe

Kinga ya mota ndiyo inayokata. Sababu ni zile zile: vumbi la pamba limeziba mota na njia ya hewa, mzigo mkubwa, umeme mdogo, au mashine imebanwa kwenye kona isiyo na hewa. Fungua kifuniko cha nyuma ikiwa imechomolewa, safisha kwa brashi na mashine ya kunyonya vumbi. Kama bado inakata ikiwa tupu na safi, bearingi za mota zimechoka.

Breka inashuka

Angalia inashuka lini. Ikishuka ile sekunde unapochomeka, kabla hujabonyeza kitu, ni waya wa plagi au mlango wa umeme wa mashine. Panya hupenda kutafuna nyaya zilizo nyuma ya mashine iliyolala. Ikishuka unapoanzisha tu, ni mota au hita iliyogusa bati. Hita nzima ya wati 2,000 inasoma karibu omu 26. Kati ya hita na bati la mashine mita isisome kitu. Ikishuka baada ya dakika kumi au ishirini, chunguza kwanza vitu vingine vilivyoko laini hiyo hiyo. Draya na hita ya maji ya kuoga kwenye breka moja hazikai.

Ukigusa bati la mashine ukasikia mkono unatetemeka au unachomwa, hata kidogo, hata kama mashine inafanya kazi vizuri, usiitumie tena. Umeme unavuja na waya wa ethi haupo au umekatika. Sakafu ya chumba cha kufulia ina maji na mfuaji yuko peku. Hii si ya kujaribu-jaribu; zima breka, fundi umeme apime ethi ya nyumba nzima.

Ukiagiza kifaa

Vipuri vingi vitatoka Dar es Salaam kwa basi, na kurudisha kisichofaa ni nauli nyingine. Piga picha ya kibati cha nyuma yenye modeli na namba yote, ya kifaa chenyewe pande zote mbili na namba zilizochapwa juu yake. Kwa mkanda, tuma urefu na idadi ya mifereji. Kwa fyuzi ya joto, tuma nyuzi joto na ampea zilizoandikwa, na ukatae "inayokaribiana". Kikifika stendi, kipime kwa mita pale pale kabla hujamlipa aliyekipokea: swichi ifunge na kufungua, fyuzi isome karibu na sifuri, hita isome omu zake.